Barua za Simu na Ulinzi wa Watoto Nyumbani

1. Nahodha aliyekosa habari

Katika pwani yetu ya Ziwa Nyasa, si mbali na Kihagara, iko bandari ya Liuli. Pale pana jiwe kubwa lenye umbo kama ile sanamu ya Misri ya simba mwenye kichwa cha mtu, na kwa ajili ya jiwe hilo Wajerumani walipotawala waliiita bandari hiyo Sphinxhafen. Mwezi wa Agosti 1914 merikebu yao, jina lake Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa pwani hapo ili itengenezwe. Nahodha wake aliitwa Berndt. Waingereza nao, waliotawala nchi ambayo leo ni Malawi, walikuwa na merikebu yao katika ziwa hili hili. Iliitwa Gwendolen, na nahodha wake aliitwa Rhoades. Manahodha hao wawili walikuwa marafiki.

Basi vita vikuu vilianza Ulaya. Habari ilimfikia Rhoades, lakini Berndt haikumfikia. Gwendolen ikatokea mbele ya Liuli, ikapiga mzinga. Berndt akashangaa, akaingia mashuani, akaenda kwa hasira kumwuliza rafiki yake maana ya mchezo ule. Ndipo alipoambiwa kwamba nchi zao zina vita, na kwamba yeye amekwisha kuwa mateka.

Berndt hakuwa mjinga, wala hakuwa mvivu, na kazi ya merikebu aliijua sana. Alikosa kitu kimoja tu, nacho ni habari. Hatari ilimjia kwa njia ya maji aliyoizoea, kwa mkono wa mtu aliyemzoea, ikamkuta merikebu yake iko nchi kavu.

Katika somo hili tutazungumza juu ya hatari nyingine, ambayo leo huingia katika nyumba zetu kwa njia tuliyoizoea, yaani simu. Wazazi wengi wa pwani hii wamefanana na nahodha yule. Ni watu hodari, wajua ziwa, wajua shamba la mihogo, wajua kulea. Lakini habari za mambo yapitayo ndani ya simu hazijawafikia. Ninyi wanafunzi, mara nyingi, mmezipata kwanza. Naye aliyepata habari kwanza ana wajibu wa kuipeleka.

2. Barua ya zamani na barua ya sasa

Zamani barua ilipita mikono mingi. Asiyejua kuandika alimwendea mwalimu au karani amwandikie. Mjumbe aliichukua. Ilipofika, mwenye kujua kusoma aliisoma kwa sauti, na wazee wa nyumba wakasikia. Kama ndani yake mlikuwa na neno baya, watu wengi walilijua siku ile ile. Barua ilikawia sana, lakini katika kukawia kwake mlikuwa na ulinzi.

Leo barua hupita katika simu. Programu ijulikanayo zaidi kwetu ni WhatsApp, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, na iliyonunuliwa mwaka 2014 na kampuni ya Facebook, ambayo sasa huitwa Meta. Ziko nyingine, kama Telegram na Messenger, na mengi tutakayoyasema hapa yazihusu zote. Kwa programu hizi mtu hupeleka maneno, sauti, picha, na hata alama ya mahali alipo. Aliyeko Mbamba Bay na aliyeko Muscat huzungumza kana kwamba wamekaa katika baraza moja.

Faida zake twaziona. Mama auzaye usipa huuliza bei ya Mbinga kabla hajapanda gari. Baba aliyekwenda mbali kutafuta kazi huiona sura ya mtoto wake aliyezaliwa nyuma yake. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba simu ni kitu kibaya. Mtumbwi nao si kitu kibaya, ingawa watu wamezama. Lakini hakuna mzee wa Kihagara amwachaye mtoto kwenda ziwani peke yake siku ya upepo.

Yawapasa mjue jambo moja la ufundi wake. Tangu mwaka 2016 kila ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa hesabu za siri katika simu ya mpelekaji, na hufunguliwa katika simu ya mpokeaji tu. Hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Jambo hili ni jema, maana mwizi hawezi kuyasikiliza mazungumzo ya baba na mama. Lakini tazameni maana yake ya pili. Njiani hakuna mzee, hakuna karani, hakuna mwalimu. Neno baya likitumwa kwa mtoto, hakuna wa kulizuia mpaka lifike mkononi mwake. Ulinzi umebaki mahali pawili tu, mwanzo wa njia na mwisho wake. Na kama mwanzo wa njia uko kwa mwovu, basi ulinzi umebaki mwisho, yaani nyumbani kwenu.

3. Hatari zenyewe

Hatari ni nyingi, lakini tukizijua nne, nyingine zote tutazitambua.

Ya kwanza ni mtu ajifanyaye rafiki. Huandika: “Habari yako? Mimi ni mwanafunzi kama wewe, nasoma Songea.” Picha aliyoiweka ni ya mtoto, lakini mtu yeyote aweza kuweka picha ya mtu mwingine. Siku ya kwanza huuliza habari za shule. Siku ya pili husifu. Siku ya tatu hutoa zawadi ndogo, labda bando la simu. Siku ya nne husema: “Mambo haya yawe yetu wawili tu, usimwambie mama.” Neno hilo la nne ndilo alama yake. Rafiki mwema haogopi kujulikana na mama yako.

Wala msidhani kwamba mwovu ni mgeni sikuzote. Mara nyingi huwa ni mtu ajulikanaye na mtoto: jirani, au ndugu, au mtu mzima aheshimiwaye. Wahenga walisema, “Kikulacho ki nguoni mwako.” Kwa hiyo msiulize tu, “Je, namjua mtu huyu?” Ulizeni pia, “Je, ananitaka nifiche?”

Mwaka 2022 mashirika ya UNICEF, INTERPOL na ECPAT yalitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Tanzania kwa watoto wa miaka 12 hadi 17 watumiao intaneti. Ilionekana kwamba watoto 4 katika kila 100, kwa muda wa mwaka mmoja, walikuwa wametendewa maovu ya wazi kwa njia hiyo: kutishwa, kushawishiwa kwa fedha na zawadi wafanye mambo ya aibu, au picha zao za siri kusambazwa bila ridhaa yao. Kwa nchi nzima ilikadiriwa kuwa watoto 200,000. Hesabu hiyo si ndogo. Shule yenye wanafunzi 500 wa umri huo watumiao intaneti ingekuwa na watoto 20 wa namna hiyo, na labda walimu wao wasingejua hata mmoja.

Hatari ya pili ni picha. Picha iliyokwisha kupokelewa na mtu mwingine haina njia ya hakika ya kurudi. Iko namna ya kutuma picha ili itoweke baada ya kutazamwa mara moja, na watoto hudhani kwamba hiyo ni salama. Si salama. Aliyeipokea aweza kuchukua simu ya pili na kuipiga picha ile picha. Kisha huanza kutisha: “Nipe fedha, la sivyo nitawaonyesha wenzako.” Akipewa mara moja, hurudi mara ya pili, maana amejua kwamba mlango hufunguka.

Hatari ya tatu ni makundi. Watu wengi huwekwa katika kundi moja, na neno la mmoja husomwa na wote. Humo mwanafunzi mwenzenu aweza kuchekwa kwa sababu ya nguo yake au kigugumizi chake, na kicheko hicho hakikomi kengele ya shule ilipopigwa; humfuata nyumbani mpaka kitandani. Humo pia habari za uongo hupita upesi. Ndiyo sababu tangu mwaka 2018 WhatsApp huweka alama juu ya ujumbe uliotolewa kwa mtu mwingine na kupelekwa mbele. Ukiiona alama hiyo, jua kwamba aliyekuletea siye aliyeandika, na pengine naye hajui kama ni kweli.

Hatari ya nne ni wezi wa fedha. Watu wengi katika Tanzania wamepata ujumbe usemao, “Ile hela itume kwa namba hii.” Wengine hupiga simu na kusema, “Mimi ni mwalimu, mwanao ameanguka shuleni, tuma fedha za matibabu upesi.” Wengine humwambia mtoto, “Nimekosea, nimeleta tarakimu sita katika simu yenu, tafadhali nisomee.” Tarakimu hizo sita ndizo ufunguo wa WhatsApp ya mama yako. Ukimsomea, yeye ataifungua katika simu yake, ataingia kwa jina la mama, na kuwaomba fedha jamaa zake wote.

4. Kwa nini mtoto hunyamaza

Sasa tufike kwenye shina la jambo. Watu huuliza, “Kama mtoto ametishwa, mbona hakusema?”

Tuseme yuko msichana wa darasa la sita katika kijiji kimoja cha pwani. Baba yake huenda kuvua usiku, na mama yake hupanda Mbinga kuuza usipa. Simu moja huachwa nyumbani ili wapate kuulizana habari. Usiku mdogo wake akilala, msichana huichukua na kuongea na mtu ajiitaye mwanafunzi wa Songea. Siku ya nne mtu yule ataka picha asiyopaswa kuiomba, na anatisha kwamba asipoipata atamwambia baba kuwa mtoto wake huchezea simu usiku.

Tazameni jinsi msichana huyu anavyohesabu moyoni. “Nikisema, nitapigwa, maana nilichukua simu bila ruhusa. Tena simu itafichwa, na habari za mama akiwa safarini hatutazipata. Nikinyamaza, labda mtu huyu atachoka.” Hesabu hii ni ya uongo, maana mtu wa namna hiyo hachoki. Lakini ni hesabu ya watoto wengi. Fimbo ya nyumbani, iliyowekwa ili kumlinda mtoto, imegeuka kuwa silaha mkononi mwa mwovu, naye hana haja ya kuja Kihagara kuitumia.

Basi tuseme msichana huyu alipata ujasiri. Mama aliporudi, alimpokea mzigo, akampa maji, kisha akasema:

“Mama, nina neno baya la kukuambia. Naomba unisikilize mpaka mwisho.”

“Sema, mwanangu.”

Akaeleza yote, akamwonyesha simu. Mama akauliza kwa ukali, “Nani alikupa ruhusa ya kushika simu usiku?”

“Hakuna, mama. Nimekosa. Lakini mtu huyu asema nikikuambia atanidhuru, ndiyo maana nimekuambia.”

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Kosa la simu tutalizungumza kesho. La mtu huyu tutalizungumza sasa. Kaa hapa karibu nami.”

Katika maneno hayo ya mama imo hekima yote ya somo hili. Hakusema kwamba kosa si kosa. Alitenga mambo mawili: kosa dogo la mtoto wake, na uovu mkubwa wa mtu mwingine, akaanza na lile kubwa. Mtoto ajuaye kwamba mama yake atatenga mambo namna hiyo, husema mapema. Mtoto asiyejua, husema siku ambayo neno limekwisha kuharibika. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

5. Maagano ya nyumbani

Yafaa kila nyumba yenye simu ifanye maagano kabla hatari haijaja, kama vile watu watengenezavyo wavu kabla ya kuingia ziwani. Maagano hayo yana pande mbili.

Mzazi aseme: “Aletaye habari mbaya ya simu hatapigwa kwa ajili ya habari hiyo. Nitasikiliza kwanza. Sitawasimulia jirani aibu ya mtoto wangu.”

Mtoto aseme: “Simu nitaitumia mahali penye watu, si gizani. Usiku italala kwa wazazi. Nikiambiwa ‘usimwambie mama,’ hilo ndilo nitakalomwambia mama kwanza. Sitafuta ujumbe ili kuuficha.”

Pande zote mbili zina kazi, na mmoja akivunja, mwingine hawezi kushika peke yake. Mzazi akisoma barua za mtoto kwa kuvizia, mtoto hujifunza kuvizia. Mtoto akificha, mzazi hulazimika kupekua. Wakikaa pamoja na kutazama pamoja, hakuna haja ya kuvizia wala ya kupekua.

6. Kumfundisha mzazi bila kumdharau

Kazi hii ni yenu, wanafunzi, nayo yataka adabu. Si jambo jema mtoto kumcheka baba yake kwa sababu kidole chake kizito hakijui kubonyeza kioo cha simu. Kidole hicho ndicho kivutacho wavu ulioleta ada yako ya shule.

Chagueni saa ya utulivu, baada ya chakula. Anzeni kwa heshima: “Shikamoo, Baba. Leo shuleni tumefundishwa jambo la simu, naomba nikuonyeshe ukipata nafasi.” Simu aishike yeye mwenyewe, ninyi onyesheni kwa kidole tu, maana mkono uliofanya hausahau kama jicho lililotazama. Fundisheni jambo moja kwa siku moja. Kama bibi hajui kusoma, mwonyesheni jinsi ya kusikiliza ujumbe wa sauti, na jinsi ya kutuma sauti yake. Bibi asiyejua kusoma aweza kuijua sauti ya mjukuu wake, na aweza kuitambua sauti ya mwongo kuliko ninyi.

Haya ndiyo mambo saba ya kutazama pamoja:

(1) Umri. Kwa kanuni za WhatsApp, mtu ajifunguliaye akaunti yake mwenyewe awe ametimiza miaka 13. Aliye chini yake asidanganye umri, bali atumie simu ya mzazi mbele ya mzazi.

(2) Picha na habari za mwenye simu. Katika Mipangilio, upande wa Faragha, chagueni kwamba zionwe na watu walioandikwa katika simu yenu tu, si na kila mtu.

(3) Makundi. Hapo hapo katika Faragha, chagueni kwamba mtu asiyeandikwa katika simu yenu asiweze kuwaingiza katika kundi. Kama mmekwisha kuingizwa katika kundi baya, tokeni. Kutoka si utovu wa adabu.

(4) Mahali mlipo. Msipeleke alama ya mahali mlipo ila kwa jamaa wa nyumbani. Wala msitume picha ya kuonyesha jina la shule pamoja na saa za kutoka.

(5) Kufuli ya pili. Iko namba ya siri ya tarakimu sita ambayo mwenye simu huichagua mwenyewe katika Mipangilio, upande wa Akaunti. Ikiwekwa, mwizi aliyepata zile tarakimu sita za ujumbe bado hukuta mlango wa pili umefungwa. Namba hii mzazi aiweke kichwani, wala asiiandike nyuma ya simu.

(6) Vifaa vilivyounganishwa. WhatsApp moja yaweza kufunguliwa katika simu nyingine au kompyuta. Tazameni orodha yake. Mkikuta kifaa msichokijua, kiondoeni.

(7) Laini za simu. Tangu mwaka 2019 laini katika Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole. Mzazi aandike *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa jina lake. Akikuta namba asiyoijua, aende kwa kampuni ya simu iondolewe, isije ikatumika kwa uovu kwa jina lake.

7. Hatari ikiisha kuingia

Kuna wakati hatari hupita ulinzi wote. Hapo shikeni mambo haya kwa utaratibu wake.

Msijibu, wala msilipe. Kila jibu humfundisha mwovu kwamba yuko mtu wa kutishwa.

Msifute. Ujumbe ule ni ushahidi. Mzazi aandike namba ya mtu yule, siku na saa, na kama ni maneno matupu, apige picha ya ukurasa wa simu. Lakini kama ni picha ya aibu ya mtoto, mtu asiipeleke kwa mtu mwingine hata kwa nia njema. Simu yenyewe ichukuliwe kwa polisi. Kisha, baada ya ushahidi kuhifadhiwa, namba ile izuiwe na kuripotiwa katika programu.

Semeni kwa mtu mzima. Kwanza kwa mzazi. Kama neno hilo lamhusu mtu wa nyumbani, na mtoto aogopa kusema nyumbani, amwambie mwalimu amwaminiye, au bibi, au mtendaji wa kijiji. Yaweza pia kupigwa namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, isiyotozwa fedha, ambayo huendeshwa na shirika la C-Sema. Mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Katika vituo vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya kesi kama hizi. Ujumbe wa wezi wa fedha hupelekwa kwa namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Tena jueni kwamba sheria iko upande wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 husema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huhesabu kuwa ni kosa kusambaza picha za uchafu za watoto, na kuwaonea watu kwa njia ya mtandao. Sheria hii hukataza hata yule apelekaye mbele picha aliyoletewa. Kwa hiyo mwanafunzi akiletewa picha ya aibu ya mwenzake, asicheke, asiipeleke kwa mtu, bali amwambie mtu mzima. Siku hiyo mlinzi wa mwenzake ni yeye.

Na mtoto aliyetishwa au kudanganywa asijihukumu. Aliyeibiwa mtumbwi aweza kuambiwa kwamba hakuufunga vizuri. Lakini mwizi ni yule aliyeuchukua.

8. Neno la mwisho

Nahodha Berndt hakuwa na mtoto wa shule wa kumkimbilia pwani na kumwambia, “Bwana, vita imeanza.” Wazazi wenu wanaye. Habari ya simu mnayo ninyi, nguvu ya kulinda wanayo wao, na nyumba huwa salama siku ambayo vitu hivi viwili vimekaa katika mkeka mmoja.

Maswali

1. Kwa nini nahodha Berndt alikamatwa, naye alikuwa hodari wa kazi yake?
2. Barua ya zamani ilikuwa na ulinzi gani ambao barua ya simu haina?
3. Eleza kwa nini ulinzi wa ujumbe wa WhatsApp umebaki nyumbani.
4. Ni neno gani la mtu ajifanyaye rafiki ambalo ni alama ya uovu wake?
5. Mama wa msichana alitenga mambo gani mawili? Kwa nini alianza na lile la mtu mwingine?
6. Mtu akiomba umsomee tarakimu sita zilizokuja katika simu ya mama, utafanya nini?
7. Taja watu watatu ambao wewe mwenyewe ungeweza kuwaambia habari mbaya ya simu.

Kazi ya nyumbani

Jioni ya leo mwombe mzazi au mlezi wako nafasi, kisha mwonyeshe jambo moja tu katika yale saba. Zungumzeni maagano ya nyumba yenu, myaandike katika karatasi, nawe uyahifadhi nyumbani mahali ambapo wote watayaona.